Deki Haibembelezwi

Katikati ya mwaka 1995 dunia ilikuwa njiani kupata diski mbili za filamu ambazo zisingeelewana. Sony na Philips, wenye CD yao tangu 1982, walikuja na MMCD, diski ya gigabaiti 3.7. Toshiba, Matsushita na Time Warner wakaja na SD, iliyotengenezwa kwa kugundisha diski mbili nyembamba mgongo kwa mgongo, yenye nafasi ya gigabaiti 5. Kila upande ulikuwa na hataza zake za kulinda. Vita vya kanda navyo vilikuwa bado vibichi vichwani mwa watu: Betamax ya Sony ilitoka 1975, VHS ya JVC ikafuata 1976, na walionunua Betamax wakaishia na mashine nzuri isiyo na kanda za kukodi.

Waliozuia vita vya pili walikuwa watu wa kompyuta. IBM, Apple, Microsoft, Hewlett-Packard na wenzao waliunda kamati chini ya Alan Bell wa IBM, wakatangaza kwamba hawatagusa diski yoyote kati ya hizo mpaka iwe moja. Lou Gerstner, mkuu wa IBM, akawa msuluhishi. Septemba 1995 wakubwa wakapatana: umbile lingefuata SD, lakini namna ya kuandika biti ingefuata EFMPlus, kanuni ya Kees Schouhamer Immink, mhandisi wa Philips, iliyostahimili zaidi mikwaruzo na alama za vidole. Ustahimilivu huo ulilipiwa kwa nafasi, na gigabaiti 5 zikashuka hadi 4.7. Novemba 1996 mashine za kwanza ziliuzwa Japani. Mwaka uliofuata zikaingia Marekani.

Hiyo 4.7, tarakimu iliyotokana na mapatano ya mezani, ndiyo iliyokuja kuwanyima usingizi vijana wa kuchoma CD Kariakoo na River Road miaka kumi baadaye. Walioiweka walikuwa wanafikiria filamu moja ya Hollywood ya saa mbili na ushee, ikae upande mmoja wa diski, mtazamaji asiinuke kwenda kuigeuza. Hakuna aliyekuwa anafikiria video tisa za ukoo mmoja, kila moja imetoka kwenye chombo chake.

Picha iliyokuwa iende ndani ya diski ilikuwa tayari na sheria zake. Mwaka 1988 Mwitaliano Leonardo Chiariglione na Mjapani Hiroshi Yasuda walianzisha kundi la MPEG ili video ya dijitali iwe na lugha moja. Hesabu iliyokuwa chini ya kazi yao ilitoka kwa Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za kuitafiti akanyimwa, akaendelea hivyohivyo, na mwaka 1974 akaichapisha pamoja na Natarajan na Rao. Hesabu yenyewe huigawa picha katika vipande vidogo na kutupa yale ambayo jicho halitayakosa. MPEG wakaongeza ujanja mwingine: picha moja huhifadhiwa nzima, na zinazofuata huhifadhi mabadiliko peke yake. Ukuta uliotulia nyuma ya bibi harusi hauna haja ya kuandikwa mara ishirini na tano kwa sekunde.

DVD ilichukua MPEG-2 na kuiwekea masharti. Kwa nchi za mfumo wa televisheni wa PAL, ambamo Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwemo, picha iwe na nukta 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Kwa nchi za NTSC, kama Marekani, Kanada na Japani, iwe 720 kwa 480, fremu 29.97. Video isizidi megabiti 9.8 kwa sekunde. Sauti ipimwe mara 48,000 kwa sekunde, wakati CD ya muziki ilikuwa mara 44,100. Kila kitu kikae kwenye folda ya VIDEO_TS, katika faili za VOB zisizozidi gigabaiti moja moja, na kando yake faili za IFO za kuielekeza mashine, pamoja na nakala zake za akiba. Ukikosea jina la folda, deki inakuandikia kwamba diski haisomeki, basi. Haiulizi ulikuwa na maana gani.

Watu wengi waliyalaani masharti hayo. Mimi naona ndiyo yaliyokuwa fadhila kubwa ya chombo. Ndani ya deki kulikuwa na chipu rahisi iliyojua kufanya kazi moja tu, na kwa sababu hiyo deki iliweza kushuka bei mpaka ikafika Mbagala na Kibera. DVD iliyofuata sheria ilicheza kwa bibi kijijini sawasawa na ilivyocheza kwa mtaalamu mjini. Ugumu wote ulibaki kwa mtu mmoja, yule aliyeitengeneza diski, na historia ninayoisimulia hapa ni yake.

Kwetu Tanzania Bara video ilitangulia televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Miaka ya 1980 familia za Dar es Salaam zilizokuwa na ndugu Ulaya au Uarabuni zilishakuwa na deki za kanda, na mabanda ya video yalikuwa yanajaa. Ikafuata VCD, iliyowekewa kanuni mwaka 1993. Hiyo ilitumia MPEG-1, picha ya nukta 352 kwa 288, na CD moja ilibeba dakika 74 tu. Kwa hiyo filamu ilikuja kwa CD mbili, na ya kwanza ilikuwa na tabia ya kuisha palepale jambazi anapozungukwa na polisi.

DVD halisi zilipoanza kuletwa na wasafiri, zilikuja na kikwazo cha kanda za kijiografia. Kenya na Tanzania zimo katika kanda namba 5, pamoja na India, Urusi na sehemu kubwa ya Afrika. Oman imo namba 2. Zawadi ya filamu iliyonunuliwa dukani Maskati ingeweza kukataliwa na deki iliyopo Unguja, ingawa mwenye zawadi na mpewa zawadi ni watoto wa mama mmoja. Diski iliyochomwa nyumbani haikuwa na kizuizi hicho. Ilicheza popote palipokuwa na deki inayosoma mfumo wake.

Kuchoma nyumbani kulichelewa, sababu ikiwa bei. Mashine ya kwanza ya kuandika DVD ilitolewa na Pioneer mwaka 1997 kwa takriban dola 17,000, na diski zake zilibeba gigabaiti 3.95 tu. Januari 2001 Apple walitangaza kompyuta yenye kichomeo cha Pioneer ndani yake, pamoja na programu ya iDVD iliyomwezesha mtu wa kawaida kutengeneza diski yenye menyu. Baada ya hapo bei zilianguka kwa kasi, na kufikia katikati ya muongo huo kichomeo kilikuwa kifaa cha kawaida kwenye kompyuta ya kibandani.

Lakini wakati kichomeo kinashuka bei, video zenyewe zilikuwa zinatawanyika. Apple walikuwa na QuickTime tangu 1991 na Microsoft walikuwa na AVI tangu 1992. Mwaka 1999 programu ya DeCSS, iliyohusishwa na kijana wa Kinorwe Jon Lech Johansen, ilivunja kufuli la DVD. Alishtakiwa, na mahakama ikamwachia huru mwaka 2003. Wakati huohuo Mfaransa Jérôme Rota, wa Montpellier, alikuwa amekichokonoa kifinyazi cha video cha Microsoft mpaka kikaitwa DivX. Kwa DivX filamu nzima iliweza kubanwa hadi megabaiti 700, yaani CD moja, na ikabaki inatazamika. Kisha simu zikaanza kurekodi 3GP, YouTube ikaja mwaka 2005 na FLV zake, na wapenzi wa katuni za Kijapani wakaishabikia MKV.

Jina la faili lilidanganya. AVI ni kasha tu. Ndani yake mnaweza kuwa na DivX, Xvid, DV au kitu kingine kabisa, na sauti ya MP3 au nyingineyo. Mteja aliyekuja kibandani akisema zote ni AVI alikuwa hajasema kitu. Fundi alilazimika kuzifungua moja moja ajue kilichomo.

Hapo ndipo penye kitendawili kilichozua ugomvi mwingi mezani. Filamu sita za DivX, megabaiti 700 kila moja, jumla yake ni gigabaiti 4.2. Zinaingia kwenye DVD moja na nafasi inabaki. Mteja ameona kwa macho yake kwenye kompyuta ya mpwa wake. Kwa nini basi fundi anamwambia zinaenea mbili tu? Kwa sababu zikinakiliwa kama faili, deki ya kawaida haizitambui. Lazima zigeuzwe kuwa MPEG-2, ambayo ni kongwe zaidi na hula biti nyingi kwa ubora uleule.

Hesabu haina huruma. Baiti bilioni 4.7 ni biti bilioni 37.6. Zigawanye kwa saa mbili, unapata megabiti 5.2 kwa sekunde, picha safi. Kwa saa nne ni 2.6, na moshi, maji na umati wa watu huanza kuvunjika vipande vya mraba. Filamu sita ni saa tisa au zaidi. Kila sekunde inabaki na megabiti 1.2 au pungufu, kiwango cha VCD. Tena kulikuwa na mtego mdogo uliowanasa wengi: kompyuta huhesabu gigabaiti kwa namna yake, na zile 4.7 za kwenye jalada huonekana 4.37 kwenye skrini. Aliyetayarisha folda ya 4.5 akidhani amebakiza nafasi alikuwa ameshapoteza usiku.

Maana ilikuwa kazi ya usiku kweli. Tuchukue kazi ya kawaida ya miaka hiyo, DVD ya harusi. Mpiga video ana kanda tatu za MiniDV, saa moja kila moja, na kila saa ni gigabaiti 13 ikishaingia kwenye kompyuta. Kicheni pati ilirekodiwa na mtu mwingine, ipo kwenye VCD. Binamu ana vipande vya 3GP kwenye simu. Shangazi wa Toronto, aliyekosa viza ya kuja au aliyekosa nauli, ametuma salamu zake za dakika tano, na Kanada ni NTSC. Wazazi wanataka vyote kwenye DVD moja, kwa sababu itanakiliwa mara thelathini kwa ajili ya kamati na jamaa wa mikoani.

Kila chanzo kilikuwa na ugonjwa wake. Salamu za shangazi zina fremu 29.97 kwa sekunde na diski inataka 25, hivyo karibu fremu moja kati ya sita lazima iondoke, na kamera ikizunguka chumbani picha inarukaruka. VCD ya kicheni pati ni robo ya ukubwa unaotakiwa. MiniDV inatimiza ukubwa, ila picha zake zimesukwa kwa mistari ya zamu, na DV huanza na mstari wa chini. Ukiiambia programu kwamba inaanza na wa juu, kila anayecheza anaonekana anatetemeka mbele na nyuma. Simu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Picha ya nukta 176 kwa 144 ikitandazwa kwenye 720 kwa 576, kila nukta moja inafunika nafasi ya nukta kumi na sita. Zaidi ya hapo, simu zile zilipunguza idadi ya fremu ukumbini panapokuwa na giza na kuiongeza kwenye mwanga. Programu iliyodhani kasi ni moja tangu mwanzo hadi mwisho ilitoa video ambayo baada ya dakika kumi sauti imeshaachana na midomo. Sauti yenyewe ilipimwa mara 8,000 kwa sekunde, kwa ajili ya mazungumzo ya simu, na ngoma iliingia humo ikatoka kama bati.

Mafundi wazuri walijifunza kutolazimisha. Kanuni za DVD zinaruhusu pia picha ya 352 kwa 288, jambo ambalo wengi hawakulijua. Vipande vya simu na VCD viliwekwa kwa ukubwa huo, deki yenyewe ikavipanua wakati wa kucheza, na biti zilizookolewa zikapelekwa kanisani na ukumbini. Walitumia pia ugeuzaji wa mizunguko miwili. Mzunguko wa kwanza programu inaitazama video yote bila kuandika, inapima wapi pana ghasia. Wa pili ndio inaandika, ikigawa biti kwa haki. Hotuba ya mjomba, amesimama palepale dakika ishirini na kipaza sauti mkononi, inahitaji kidogo sana. Wapambe wakiingia wanacheza, na vigelegele, na taa za rangi, hao wanakula posho ya mjomba yote.

Kwa kompyuta za wakati ule, mizunguko miwili ya saa tatu na nusu za video iliweza kuchukua usiku kucha. Na mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa ya Mtera na Kidatu, Tanzania iliingia kwenye mgawo mkali wa umeme. Umeme ukikatika saa tisa usiku ugeuzaji ukiwa asilimia tisini, unaanza upya. Kuchoma nako kulikuwa na hatari zake, maana data ikikatika njiani wakati mwali wa leza unaandika, diski imekwisha. Sanyo walipunguza tatizo hilo kwa teknolojia ya mwaka 2000 iliyowezesha kichomeo kusimama na kuendelea, lakini hakuna teknolojia iliyoweza kuzuia mgawo. Na mwishoni diski ilitakiwa kufungwa rasmi. Iliyosahauliwa kufungwa ilicheza vizuri kwenye kompyuta iliyoichoma na ikagoma kwa mteja, naye akarudi asubuhi amefura.

Programu walizotumia zilitoka kila pembe. Nero ilikuwa ya Wajerumani. ConvertXtoDVD ilitengenezwa na VSO ya Toulouse, na umaarufu wake ulitokana na kupokea karibu kila faili na kutoa folda ya VIDEO_TS bila maswali mengi. TMPGEnc ya Mjapani Hiroyuki Hori ilipendwa na wapenda ubora, ikajulikana pia kwa kwenda polepole. Nyingi zilipatikana kwa namba za wizi, tusidanganyane.

Kazi kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilifanywa na programu isiyokuwa hata na vitufe. Mwaka 2000 Mfaransa Fabrice Bellard alianza kuandika FFmpeg, akatoa msimbo wake bure, na baadaye Michael Niedermayer wa Austria akaiongoza kwa miaka mingi. FFmpeg ilijifunza kusoma karibu kila fomati iliyowahi kubuniwa, hata zile ambazo wenyewe walizificha. Ndani yake kuna agizo moja, pal-dvd, ambalo linabeba masharti yote: ukubwa, fremu 25, sauti ya 48,000, mipaka ya biti. Yale ambayo makampuni yalibishania kwa miaka yalikuwa yamekunjwa katika herufi chache ambazo mwanafunzi yeyote angeweza kuziandika. Programu nyingi za kugeuza zilizouzwa kwa picha nzuri za vitufe zilikuwa, chini ya ngozi, FFmpeg.

Ustadi huohuo wa kubana video ulitumika kwa mambo mengine. Barabarani ziliuzwa DVD za Kichina zenye filamu nane, kumi na mbili, hata zaidi, zote za mwigizaji mmoja, zimesongamana kama abiria wa daladala la jioni. Hakukuwa na uchawi. Diski ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5, filamu nane za dakika tisini zinapata megabiti 1.6 kwa sekunde, na picha ikipunguzwa ukubwa, inatosha kwa televisheni ya inchi kumi na nne. Wafasiri wa filamu nao walipata njia: Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, VJ Jingo kwa Uganda. Sauti zao zilichanganywa na sauti ya filamu na kusambaa kwenye diski hadi vijijini. DVD inaruhusu njia nane za sauti, mtu achague lugha kwa rimoti, lakini njia hizo hula nafasi, na mteja wa Lufufu hakuwa anamtafuta Mmarekani asiyetafsiriwa.

Wasanii wa nyumbani waliumia. Filamu za Kibongo zilipokuwa kileleni, enzi za Steven Kanumba aliyefariki Aprili 2012, nakala iliyochomwa ilikuwa mtaani haraka mno. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ilikuwepo. Stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki zikaanza 2013. Kwa maoni yangu zilichelewa, kwani kufikia hapo diski yenyewe ilikuwa inapoteza soko.

Anguko lilianzia ndani ya deki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Denmark, KiSS, ilitoa deki iliyoweza kucheza DivX bila kugeuzwa. Chipu hizo zikashuka bei, deki za Kichina zikaja na tundu la USB, na mteja akagundua kwamba zile filamu sita zinaweza kuingia kwenye flashi kwa dakika chache bila megabiti wala mizunguko. Fundi akabaki kunakili tu, kwa malipo madogo zaidi. Kisha simu kubwa na vifurushi vya intaneti vikamaliza kilichobaki. Septemba 2023 Netflix, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta, ilituma ya mwisho.

Sasa kazi imegeuka kichwa chini. Watu wanaleta DVD za harusi za 2007 wanataka ziingie kwenye simu. Rangi maalumu inayobeba maandishi ndani ya diski za kuchoma huchakaa, hasa kwa joto na jua, na diski za bei rahisi ndizo zinazotangulia. FFmpeg ileile inazisoma VOB na kuzigeuza kuwa MP4 kwa dakika chache, bila mgawo kuwahi kutia neno. Lakini kilichotupwa usiku ule wa kubana hakirudi: fremu za shangazi zilizoondolewa zimeondoka, na vipande vya mraba vilivyoonekana wapambe wakiingia vitahamia kwenye simu pamoja nao. Anayeweza kumpata mpiga video amuulize kwanza kama kanda za MiniDV bado zipo, na kama kamera ya kuzichezea inafanya kazi.